Uliza Mwalimu: Msichome sanduku la mzee

Mwezi uliopita niliuliza katika ukurasa huu ni nani bado ana karatasi, picha au kanda ya kikundi chochote cha maigizo, ngonjera au ngoma kutoka Dodoma, Singida na jirani zake. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na mhariri hana huruma. Nimechukua zile zinazouliza yanayowasumbua wengi, pamoja na moja iliyonigombeza.

*

Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Mpwapwa, na ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo na ngonjera cha kijiji, miaka ya sabini mpaka themanini na kitu. Ametutoka mwaka jana. Ameacha sanduku la bati limejaa madaftari, picha, kaseti na makaratasi ya ovyo ovyo kama risiti. Kaka anasema tuchome, nyumba inatakiwa ipakwe rangi. Mdogo wetu anasema tupige picha kwa simu, halafu tuchome. Mimi nilifungua daftari moja nikakuta ameandika: "Hapa Mzee Mkaidi akohoe mara mbili, asubiri wacheke, ndipo Bwana Shamba aingie na jembe." Mkono ukanigoma. Tufanyeje?
Binti wa mwalimu, Mpwapwa

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Mwambie kaka rangi isubiri.

Huo mstari uliokugomesha mkono ndio maigizo yenyewe. Tamthilia iliyochapwa kitabuni inatupa maneno. Maigizo ya vijijini kwetu mara nyingi hayakuandikwa maneno: mwalimu alitoa kisa, watu wakagawana nafasi, kila mmoja akasema kwa kinywa chake. Sasa msome baba yako vizuri. "Asubiri wacheke." Amejuaje kwamba watacheka? Alikwisha kuliona likichezwa mbele ya watu, akasikia kicheko kinameza maneno ya Bwana Shamba, akarudi nyumbani akalirekebisha. Hiyo ni kazi ya mwongozaji, na nakala yake nyingine haipo popote.

La kwanza, msianze kuchambua. Watu wakifungua sanduku huanza kutenga: picha huku, barua huku, takataka kule. Mpangilio aliouacha marehemu nao ni habari. Picha iliyobanwa katikati ya daftari fulani huenda ni ya onyesho hilo hilo, na ukiitoa bila kuandika ilikotoka, imekuwa picha ya watu wasiojulikana. Fungueni, lipigeni sanduku picha kwa juu likiwa kama lilivyo, kisha toeni kimoja kimoja mkikipa namba kwa penseli na kukiandika kwenye kaunta buku: ni namba ngapi, ni kitu gani, kilikuwa ndani ya nini.

Na hizo risiti unazoziita za ovyo ndizo nitakazozililia zaidi. Daftari la maigizo ni nadra kuwa na tarehe. Risiti ya dizeli ya lori, ya kukodi ukumbi, ya kilo za sukari ya chai ya wasanii, ina tarehe, mahali na muhuri. Ukiziweka kando ya madaftari unajua walicheza wapi, lini, na nani alitoa pesa. Mkikuta karatasi ya 1970 au 1971, angalieni kama inataja watu kuhamia vijijini, maana hiyo ndiyo miaka ya Operesheni Dodoma. Ya 1973 yenye habari za vyoo na malaria huenda inatokana na Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio. Bwana Shamba na jembe lake anaweza kuwa wa mwaka wowote. Mabwana shamba walichezwa sana jukwaani siku zile, na wenyewe walikuwa wamekalishwa mstari wa mbele, wakicheka kwa shida.

Picha zina haraka kuliko vyote, kwa sababu wanaozijua sura wanazeeka. Usiwapelekee wazee rundo zima. Peleka chache, kaa nao, uliza kutoka kushoto kwenda kulia: huyu nani, alicheza nani, hapa ni wapi, nguo hizi mlizipata wapi. Washa kinasa sauti cha simu, maana maelezo yanayokuja baada ya jina ndiyo matamu. Jina liandike nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya ikatokea usoni mwa mtu.

Pini na vibanio vyenye kutu viondoeni taratibu. Karatasi iliyochanika msiibandike selotepu, na kwa jina la Mungu msipeleke kitu chochote kikafanyiwe laminesheni pale stendi. Ile plastiki ikishayeyukia kwenye karatasi haitoki tena.

Kaseti zina vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni. Vivunjeni kwanza, mtoto asije akarekodi singeli juu ya sauti ya babu yake. Msizijaribu kwenye redio kuu kuu ambayo hamjui mara ya mwisho ilimeza kanda ya nani; tafuteni fundi mwenye deki nzima anayeweza kuhamishia kwenye kompyuta. Kama kuna kanda za video, hizo zipelekeni mapema, maana Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ni za kuviziana.

Hali ya hewa yetu ni ya ukame, na kwa karatasi hiyo ni neema. Mwenzako wa Dar es Salaam angekuwa anapambana na ukungu. Adui zetu ni mchwa, vumbi na joto la bati. Sanduku liwekeni chumba cha ndani, juu ya matofali, mbali na ukuta.

Mdogo wenu hajakosea kupiga picha kwa simu. Amekosea pale aliposema "halafu". Simu haioni maandishi ya penseli yaliyofifia wala kilichoandikwa nyuma, na simu yenyewe tunajua zinavyoishia.

Mkishamaliza orodha, kaeni kama familia muamue. Mnaweza kulitunza wenyewe, au mkalikabidhi. Serikalini, wenye kazi hiyo ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwa Sheria Namba 3 ya 2002, na si lazima nyaraka ziwe za ofisi. Za mtu binafsi zenye thamani ya historia nazo zina nafasi. Maktaba za vyuo vikuu vyetu nazo ni za kuuliza. Popote mtakapokwenda, takeni hati: nini kimepokelewa, kwa namba zenu, mwenye haki ni nani, nani aruhusiwe kusoma, na nakala kwa familia. Mtu akija na begi na maneno matamu kwamba ataazima wiki moja, mpeni chai. Albamu nzima ya kikundi kimoja cha Kongwa iliondoka hivyo hivyo na mgeni mwenye adabu sana, na mpaka leo wenyewe hawana hata picha ya kumwonyesha mjukuu.

*

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma. Nataka kuandika tasnifu kuhusu historia ya sanaa za maonyesho mkoa huu. Nimeambiwa historia hiyo iko Dar es Salaam na Bagamoyo, Dodoma hakuna vyanzo. Nibadilishe mada?
Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Usibadilishe. Aliyekuambia hivyo anasema kweli nusu: makaratasi mengi yako huko. Waliofundisha, kutunga na kuchapa tamthilia walikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa 1981 kikakusanya wasanii. Lakini hebu tuulizane wasanii hao walitoka wapi.

Ukitoka mjini kwenda Mtumba unapita Ihumwa. Hapo ndipo alipozaliwa Mathias Mnyampala, 1917. Mgogo huyu aliandika historia na mila za watu wake, kitabu kikatoka 1954, na mashairi yake yakasomwa na kila aliyejua kusoma. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walifikishe Azimio kwa wananchi. Mnyampala, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, akaja na ngonjera: watu wanasimama mbele ya watu wakijibizana kwa beti, mmoja hajui, mwingine anajua, wanavutana mpaka yule asiyejua anakubali. Shule nchi nzima zikacheza. Akafariki 1969, asione zilivyoenea. Sasa niambie, watu wawili wamesimama, kila mmoja ana nafasi yake, wanagombana mbele ya hadhira, hiyo si sanaa ya maonyesho? Wakosoaji wetu waliiona ngonjera kama propaganda iliyovaa vina, na nyingine zilikuwa hivyo kweli, zinachosha. Lakini ndilo jukwaa la kwanza kwa watoto wengi wa mkoa huu, mimi mmojawapo.

Chukua pia Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mpigaji wa ilimba na zeze. Alifundisha Bagamoyo, akafia huko 2003, na sauti yake nzuri kabisa iliyorekodiwa ikatolewa na kampuni ya Uingereza. Ukitaka kumsikia ni rahisi. Ukitaka kujua nani alimfundisha kabla hajaondoka huku, hapo ndipo kazi yako inapoanzia, na haiko maktabani.

Ukienda Nyaraka za Taifa usiulize jalada la "maigizo", watakuambia halipo. Omba ya Jimbo la Kati, maana ndivyo tulivyoitwa enzi za Mwingereza, na utazame elimu, ustawi wa jamii, na vibali vya ngoma. Serikali ya kikoloni haikujali sana watu walicheza nini, ila ilitaka kujua wamekusanyika wangapi na wametawanyika saa ngapi, kwa hiyo iliandika. Majalada yako kwa Kiingereza. Ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo hata ya miaka ya themanini sasa yanakuhusu. Soma magazeti: Mambo Leo lililoanza 1923, Ngurumo, na Uhuru lililoanza na Uhuru wenyewe. Usiruke kurasa za barua za wasomaji, ndiko watu walikolalamikia kikundi kilichokula viingilio kikatoroka.

Sauti nazo zimesambaa. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika 1950 na mashine yake ya kurekodi, akarekodi na Wagogo pia. Kanda zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Waandikie. Ukipata nakala, usiifungie kwenye kompyuta yako, ipeleke kijijini ikasikilizwe. Wazee wakisikia wimbo watakupa majina ambayo Tracey hakuyaandika, na sura nzima ya tasnifu itatoka hapo.

*

Mambo Mwalimu! Sisi ni kikundi cha vijana Nkuhungu, tunafanya maigizo mashuleni na kwenye maadhimisho. Kila kitu chetu kilikuwa kwenye simu ya mwenyekiti. Imeibwa kwenye daladala. Tuanzie wapi?
Katibu wa kikundi

Poa, katibu. Anzieni kwenye simu za wengine, leo, kabla nazo hazijaibwa. Kila mwanachama apekue kundi lenu la WhatsApp, atoe picha na video alizonazo, zikusanywe mahali pamoja. Zitakuwa zimepungua ubora, lakini bora hizo.

Kuanzia sasa: nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti, moja iwe nyumba nyingine kabisa. Faili lisiitwe VID halafu namba kumi. Liitwe mwaka, mwezi, siku, igizo, mahali. Na muwe na daftari la maonyesho, la karatasi. Kila onyesho, kabla hamjagawana nauli, katibu aandike tarehe, mahali, nani alicheza nani, nani alitunga, nani aliongoza, watu walikuwa kama wangapi, na kilichoharibika. Hicho cha mwisho vikundi huona aibu kukiandika. Kiandikeni. Taa ikizimika katikati na mkaendelea kwa tochi za simu, hiyo ni historia ya maonyesho ya Dodoma kuliko picha zenu za kupozi.

Mtunzi naye asiwe "kikundi" kama yupo mtu aliyetunga. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inampa haki mpaka miaka 50 baada ya kufa. Mtadaije kwa jina ambalo hamkuliandika?

*

Mwalimu, nimesikia Italia kuna nyumba ya opera iliungua ikajengwa upya kama ilivyokuwa, kwa sababu walikuwa na kumbukumbu. Sisi tungeweza? Au hizo ni anasa za wenye pesa?
Msomaji, Singida

Ni La Fenice, Venice. Ilifunguliwa 1792, na opera za Verdi kama Rigoletto na La traviata zilichezwa hapo kwa mara ya kwanza. Ikateketea usiku wa 29 Januari 1996, ikafunguliwa tena Desemba 2003. Pesa walikuwa nazo, sikatai. Lakini sikiliza walichokitumia. Pamoja na michoro, walikwenda kwenye filamu ya Luchino Visconti ya 1954, ambayo tukio lake la mwanzo lilipigwa picha ndani ya ukumbi ule, wakaitazama picha kwa picha kuona mapambo yalivyokaa. Visconti hakuwa anatunza kumbukumbu za jengo. Alikuwa anatengeneza filamu ya mapenzi na vita.

Kwetu ukumbi wa maonyesho wa Bagamoyo nao uliungua, 2002, ukajengwa mwingine. Huku kwetu kumbi hata haziungui. Zinageuzwa ghala, kanisa au duka la vifaa vya ujenzi, na hakuna anayelia. Kwa hiyo jibu langu ni swali: ukumbi wenu wa zamani pale Singida, nani alifungia humo harusi yake akapigwa video? Mle ndani, nyuma ya bibi harusi anayelishwa keki, kuna jukwaa, pazia, madirisha na rangi ya kuta. Nendeni mkaombe hizo kanda. Hiyo haihitaji pesa ya Venice.

*

Mbukwenyi Mwalimu. Nakusoma kila mwezi na leo nimekasirika. Ngoma si makaratasi. Muheme unachezwa, haufungiwi kabatini. Nyie wasomi mkishaandika kitu mnakiua, halafu mnakiweka kwenye simu kila mtu akione, hata ya jandoni. Waacheni watoto wacheze, basi.
Mzee wa Bahi

Mbukwenyi mzee wangu, na shikamoo. Nusu ya kwanza ya ugomvi wako naichukua yote. Wanawake wakiwa wameshika ngoma za muheme katikati ya miguu, yule kiongozi anageuza mapigo kwa kutupa jicho tu, na hilo jicho sijawahi kuliona kwenye karatasi yoyote. Mtoto ajifunze kwa mama. Ndiyo maana tamasha la muziki wa Cigogo la Chamwino, lililoanza 2009, nalithamini kuliko kabati lolote: pale vikundi vinaonana, vinaoneana wivu, vinakwenda kufanya mazoezi.

Ila watoto wacheze, sawa, wakicheza na nani? Kuna vijiji ambavyo kikundi kimekufa pamoja na mama mmoja aliyekuwa anajua mpangilio wa nyimbo, hii inatangulia, ile inafuata, hapa watu wanakaa. Wangekuwa wameandika hata majina ya nyimbo kwa mfuatano, binti zake wangekuwa na pa kushika. Karatasi haichezi. Inakumbusha wanaocheza.

Kuhusu ya jandoni nipo upande wako, na nawaambia vijana hapa hapa: nyimbo za makumbi zina wenyewe na zina mahali pake. Ukizirekodi bila ruhusa na kuzirusha mtandaoni, umeiba. Kutunza si lazima kuanika. Maktaba ya umma ya New York inarekodi maonyesho ya jukwaani tangu 1970, na kanda hizo hazitoki nje. Mtu anakwenda na sababu yake, anatazama humo humo, anaondoka mikono mitupu, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana na wasanii. Wazee wa Bahi mnaweza kuweka sharti kali kuliko hilo: isikilizwe na waliopita jandoni tu, au isifunguliwe mpaka mtakaposema. Likiandikwa kwenye hati ya makabidhiano, mtunza nyaraka anafungwa nalo. Mkikaa kimya, atakuja mwenye simu nzuri asiyejua hata maana ya anachorekodi, na yeye hataweka sharti lolote.

*

Mwalimu, albamu yetu ya kikundi cha kwaya na maigizo ni ya zile kurasa zenye gundi na nailoni juu. Picha zimeganda. Tukivuta zinachanika.
Mama wa Kondoa

Acheni kuvuta. Kwanza pigeni picha kila ukurasa kama ulivyo, mchana, kivulini, bila mwanga wa simu. Kisha chukueni uzi wa kusafishia meno, ule usio na ladha wala nta, uupitishe chini ya kona ya picha na kuusogeza polepole kama unakata ugali, huku mkono mwingine ukishika ukurasa. Jaribuni kwanza kwa picha msiyoipenda sana. Msitumie maji wala mvuke, na msianike albamu juani mkidhani gundi italegea; italegea na rangi. Zinazogoma ziacheni zilipo, kateni ukurasa mzima, muuhifadhi hivyo kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni, na majina ya waliomo muandike juu ya bahasha kabla hamjaingiza picha.